Baiskeli inapolia, sikio lihesabu na spana isubiri

Baiskeli ya mbio ikianza kulia, hukumu hutoka mapema mno. Mwenye baiskeli anasema inalia chini, kwenye kranki. Fundi anainua gurudumu la nyuma, anazungusha pedali mara mbili tatu kwa mkono, kisha anatamka kwamba beringi zimekwisha. Beringi mpya zinanunuliwa na kufungwa, baiskeli inapandwa, na kabla ya kilima cha kwanza kuisha mlio uleule umerudi. Zamu inakuja ya pedali, halafu mnyororo, halafu gia za nyuma, hadi mwenye mali anakata tamaa na kuiuza kwa bei ya hasara. Katika mlolongo huo hakuna aliyekosa spana wala nguvu ya kuikaza. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuuliza. Sikio la binadamu ni shahidi mbovu wa mahali mlio unapotoka, lakini ni shahidi hodari wa wakati unapotoka, mara ngapi, na chini ya mzigo gani. Anayelitumia sikio kuhesabu na kulinganisha kabla ya kufungua hata bolti moja huupata ubovu kwa gharama ndogo, na mantiki hiyohiyo ndiyo inayotegua fumbo la gurudumu linaloyumba.

Tuanze na mlio wenyewe. Mkwaruzo wa baiskeli huzaliwa pale nyuso mbili zilizobanwa pamoja zinapong'ang'aniana, zikaachiana kidogo, zikang'ang'aniana tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Mwendo huo ni mdogo kiasi kwamba jicho haliuoni. Mpiga zeze wa Ugogo anaijua kanuni hii kwa mkono wake: upinde hushika uzi na kuuachia, hushika na kuuachia, na kibuyu ndicho kinachoikuza sauti hadi ikasikika ua mzima. Fremu ya baiskeli ya mbio hufanya kazi ya kibuyu. Mapaipu yake ni matupu, kuta zake ni nyembamba, na yote yameungana. Msuguano wa bolti moja chini ya siti huteremka kwenye paipu ya siti, hukuzwa ndani ya paipu pana ya mshazari, na humfikia mwendeshaji kama sauti inayotoka kwenye kranki. Hapo ndipo mapaipu makubwa yanapokutana, ndipo miguu inaposukuma, na ndipo macho yanapoangalia mtu akiinamisha kichwa. Kwa hiyo beringi za kranki hushtakiwa kwa sababu zinakaa njia panda, hata pale ambapo ushahidi dhidi yake haupo.

Orodha ya washukiwa wengine ni ndefu. Reli za siti zinaweza kulia ndani ya kishikio chake. Paipu ya siti inaweza kulia ndani ya fremu ikiwa imekauka au vumbi limeingia. Bolti zinazobana usukani, beringi za juu na chini ya uma wa mbele, bolti za spoketi ya mbele, pedali, kibati kilichofungwa chini ya kiatu, nati kubwa inayobana gia za nyuma, kishikio cha chupa ya maji, na kile kisikio cha alumini kinachobeba kibadilishia gia: kila kimoja kina uwezo wa kutoa mlio unaofanana na wa kranki. Hata komeo la gurudumu, lile linalofungwa kwa kukunja mkono wake, likilegea kidogo huiruhusu ekseli isuguane na midomo ya fremu inayoipokea. Mtu akiwa na washukiwa zaidi ya kumi na akaamua kuwakamata mmoja mmoja kwa kununua kipuri kipya kila mara, anaweza kumaliza bei ya baiskeli nzima kabla ya kumpata mhalifu. Njia ya busara ni kuuliza maswali yanayoondoa washukiwa kwa makundi.

Swali la kwanza ni la hesabu: mlio unafuata mzunguko wa kitu gani? Chukua spoketi ya mbele yenye meno 50 na gia ya nyuma yenye meno 25. Pedali zikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara mbili kamili. Mwendeshaji akizungusha pedali mara 80 kwa dakika, gurudumu linazunguka mara 160, na kwa tairi la kawaida la baiskeli ya mbio, ambalo mzingo wake ni mita 2.1 hivi, hiyo ni kasi ya kilomita 20 kwa saa. Ni mwendo wa taratibu unaoruhusu kuhesabu kwa kichwa. Mlio ukitokea mara moja kila mguu wa kulia unaposhuka, washukiwa ni vitu vinavyozunguka na pedali au vinavyobeba uzito wa mguu. Ukitokea mara mbili kwa kila mzunguko wa pedali, kwa nafasi zilizo sawasawa, mtuhumiwa anaweza kuwa gurudumu, ila hata miguu miwili inayosukuma kwa zamu hutoa milio miwili. Ndiyo maana jaribio linalofuata ni kubadili gia. Ukihamia gia ya nyuma yenye meno 17, gurudumu sasa linazunguka karibu mara tatu kwa kila mzunguko wa pedali. Kama milio imekuwa mitatu, ni ya gurudumu. Kama imebaki miwili, ni ya miguu. Mnyororo nao una saa yake. Mnyororo wa baiskeli ya mbio huwa na pingili takriban 108, kwa hiyo kwenye spoketi ya meno 50 pingili moja iliyokakamaa hurudi mahali pake baada ya pedali kuzunguka mara mbili na ushee. Mlio usiolingana na mguu wala gurudumu, unaochelewa kidogo kila mara, ni wa mnyororo hadi uthibitike vinginevyo.

Swali la pili ni la mzigo: ni uzito wa nani, na umewekwa wapi? Hapa ndipo jaribio la kuinua gurudumu na kuzungusha pedali kwa mkono linaposhindwa. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya pedali moja anaweka uzito wake wote mwishoni mwa mkono wa kranki wenye urefu wa milimita 170 hivi. Akiwa kilimani kwenye spoketi ndogo ya meno 34, mnyororo unavutwa kwa nguvu inayozidi mara mbili ya uzito wa mwili wake, tena upande wa kulia peke yake. Fremu inajipinda, ekseli ya nyuma inavutwa upande mmoja, na nyuso zilizokuwa zimetulia zinaanza kuteleza. Mkono wa fundi hauwezi kuleta nguvu hiyo kwenye gurudumu lililo hewani, kwa hiyo anachokisikia karakanani hakilazimiki kuwa ndicho kinacholalamikiwa barabarani. Mlio uliozaliwa na mzigo lazima uitwe kwa mzigo. Simama juu ya pedali ukiwa mwendoni: mlio ukikoma, siti na paipu yake ndio wa kwanza kuhojiwa. Keti, acha kupiga pedali, uiache baiskeli iteremke: mlio ukiendelea, kranki, pedali na kibati cha kiatu vimeachiwa huru, maana havikuwa kazini. Piga pedali kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine, usikie ni upande upi unaolia. Badala ya kukisia, simamisha baiskeli, shika breki ya mbele, na uusukume usukani mbele na nyuma: mlio au mchezo unaosikika hapo ni wa shingo ya usukani au beringi za uma. Ukibaki na shaka kati ya gurudumu na fremu, azima gurudumu la mwenzako kwa dakika tano. Hakuna jaribio lenye nguvu zaidi ya hilo, na halina gharama.

Kanuni inayoyashika majaribio haya yote ni kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha pedali, ukapaka grisi paipu ya siti na kukaza komeo la gurudumu mchana mmoja, na mlio ukanyamaza, hujui kilichouponya. Na ukirudi, utaanza upya.

Mshukiwa akishapatikana, mara nyingi tiba ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa: kufungua, kusafisha, kupaka kinachostahili, na kukaza kwa kiasi chake. Neno kiasi ndilo linalopuuzwa. Bolti nyingi za usukani na paipu ya siti kwenye baiskeli za kaboni hukazwa kwa nyutoni mita 5 hivi. Kwa ufunguo wenye urefu wa sentimita 20, hiyo ni sawa na kuning'iniza uzito wa kilo mbili na nusu mwishoni mwake. Mkono wa kawaida unaweza kuzidisha hapo mara kadhaa bila mwenyewe kuhisi. Pedali, kinyume chake, huhitaji nyutoni mita 35 hadi 40, na nati ya gia za nyuma takriban 40, yaani kilo 20 kwenye ufunguo uleule. Anayekaza kila kitu kwa mkono mmoja usio na kipimo huzilegeza pedali na kuvunja kaboni siku hiyohiyo. Grisi nayo ina mahali pake. Nyuzi za pedali na bolti za chuma zinaihitaji ili zisishikane kwa kutu, hasa katika miji ya pwani ambako chumvi huunganisha alumini na chuma kama vile vimechomelewa. Paipu ya siti ya kaboni haiitaki grisi ya kawaida. Hutumiwa dawa maalumu yenye chembechembe za kuongeza msuguano, kwa sababu lengo hapo ni isiteleze hata kidogo.

Tugeukie gurudumu linaloyumba, ambalo watu hulichukua kama ugonjwa tofauti na mlio. Malalamiko ya kawaida ni kwamba ringi imepinda, kwa sababu inagusa raba ya breki upande mmoja. Lakini kupinda ni kwa kulinganisha na nini? Kuna mahusiano matatu yanayoweza kuharibika, na kila moja lina tiba yake. Ringi inaweza kuwa imepotoka kwa habu yake. Gurudumu zima, likiwa limenyooka, linaweza kuwa limekaa vibaya ndani ya fremu. Na fremu au uma wenyewe unaweza kuwa umepinda. Juu ya hapo, breki inaweza kuwa imehama upande huku vingine vyote viko sawa. Fundi anayekimbilia spoki kabla ya kutenganisha mambo haya ataliharibu gurudumu zima ili lifuate kosa la breki.

Utaratibu ni mwepesi. Kwanza, baiskeli ikiwa imesimama chini kwa uzito wake, legeza komeo la gurudumu, liache likae hadi mwisho wa midomo ya fremu, kisha lifunge tena. Kesi nyingi huishia hapo. Pili, zungusha gurudumu na uangalie nafasi kati ya ringi na raba ya breki. Nafasi ikibadilika kadiri gurudumu linavyozunguka, ringi imepotoka na spoki zinahusika. Nusu milimita ya kuyumba inavumilika. Nafasi ikiwa ileile mzunguko mzima lakini upande mmoja ni finyu, ringi imenyooka na tatizo liko kwingine. Tatu, kwa gurudumu la mbele la baiskeli yenye breki za ringi, lichomoe, ligeuze kushoto kuwa kulia, na ulirudishe. Ufinyu ukihama upande, ringi haiko katikati ya habu yake. Ufinyu ukibaki upande uleule, gurudumu halina hatia. Hoji uma na breki. Angalia ringi na usiangalie tairi, maana tairi lililokaa vibaya huyumba juu ya ringi iliyonyooka kabisa na kuwapoteza wengi.

Spoki ndipo mlio na kuyumba vinapokutana. Mhandisi Jobst Brandt wa California, katika kitabu chake The Bicycle Wheel kilichotoka mwaka 1981, alionyesha kwa hesabu kwamba gurudumu lililobebeshwa uzito halining'inii kwenye spoki za juu kama wengi wanavyodhani. Mabadiliko makubwa hutokea chini: spoki chache zilizo karibu na ardhi hupungukiwa na mvutano, na nyingine hubadilika kidogo tu. Maana yake kwa mwendeshaji ni kwamba spoki isiyokazwa vya kutosha hulegea kila inapopita chini, husuguana na jirani yake pale zinapopishana, na kutoa mlio mmoja kwa kila mzunguko wa gurudumu. Kila inapolegea, nati yake ndogo hupata nafasi ya kujifungua, na ringi huanza kutoka kwenye mstari. Kwa hiyo mlio wa leo ni taarifa ya kuyumba kwa kesho. Gurudumu la nyuma liko hatarini zaidi, kwa sababu gia zilizo kulia huisukuma ringi isiwe katikati ya vishikio vya spoki; ili kuirudisha katikati ya fremu, spoki za kulia hukazwa mara nyingi karibu maradufu ya za kushoto. Zile za kushoto, zikiwa na mvutano mdogo, ndizo hulegea kwanza.

Hapa pia sikio linafanya kazi nzuri, mradi lipewe kazi ya kulinganisha. Piga spoki kwa ukucha katikati yake, moja baada ya nyingine, upande mmoja wa gurudumu. Spoki za urefu na unene uleule zikiwa na mvutano sawa hutoa sauti sawa. Mvutano ukishuka hadi nusu, kasi ya mtetemo hushuka hadi takriban asilimia 71, tofauti ambayo hata asiyejua muziki ataisikia. Spoki iliyolegea inajitaja yenyewe. Jaribio hili linatoa pia hukumu nzito zaidi: ringi iliyogonga shimo la barabarani na kupinda kweli inaweza kulazimishwa inyooke kwa kuzikaza mno spoki za upande mmoja na kuzilegeza za mwingine. Kwa macho itaonekana imepona. Kwa sikio, spoki mbili jirani zitatoa sauti zilizo mbali kabisa, na gurudumu la namna hiyo litaendelea kukata spoki hadi ringi ibadilishwe.

Na fremu yenyewe? Funga uzi kwenye mdomo wa nyuma wa kushoto, uzungushe mbele ya paipu fupi inayobeba usukani, uurudishe hadi mdomo wa kulia na kuuvuta ukakaza. Pima umbali kati ya uzi na paipu ya siti kila upande. Tofauti ya milimita moja au mbili haina neno. Ikizidi sana, sehemu ya nyuma ya fremu imehama. Fremu ya chuma inaweza kunyooshwa na fundi mwenye uzoefu. Ya alumini au kaboni isijaribiwe, kwa sababu alumini iliyopindwa na kurudishwa huchoka na kupasuka, na kaboni haipindi ikabaki hivyo: huvunjika nyuzi zake kwa ndani.

Pingamizi la kwanza dhidi ya utaratibu huu hutoka kwa wenye heshima kubwa: fundi mzoefu husikia mara moja, hana haja ya maswali. Kuna ukweli ndani yake. Fundi aliyebobea hufanya majaribio haya kwa kasi ambayo mteja hazioni hatua zake. Anapanda, anasimama, anaketi, anarudi na jibu. Lakini uzoefu ni kumbukumbu ya yaliyowahi kutokea, na una thamani pale tu mambo yanayofanana yanapojirudia. Mafundi wengi wa kwetu wamekomaa kwenye baiskeli nzito za chuma, za aina ya Phoenix, ambazo kranki zake hushikwa kwa pini na ekseli yake huzunguka juu ya gololi zisizo na kinga. Katika baiskeli hiyo, mlio wa chini kweli mara nyingi ni gololi zilizokwisha au pini iliyolegea. Fundi anayehamishia hukumu hiyo kwenye baiskeli ya kaboni yenye beringi zilizofungwa anatumia kumbukumbu sahihi kwenye mashine tofauti. Jaribio la dakika mbili linamlinda yeye na jina lake.

Pingamizi la pili ni la wenye haraka: ya nini upelelezi wote huo, fungua baiskeli nzima, safisha, paka grisi, kaza upya, na mlio utakwisha. Ni kweli kwamba mara nyingi utakwisha, na kuifungua baiskeli yote mara moja kwa mwaka ni desturi njema. Tatizo ni kwamba tiba ya jumla hunyamazisha dalili bila kutaja ugonjwa, na kuna dalili ambazo si za kunyamazishwa. Septemba 2023 kampuni ya Shimano ilitangaza kuzikagua kranki zake za kasi 11 zilizotengenezwa kwa vipande viwili vilivyogundishwa, baada ya zaidi ya matukio 4,500 ya vipande hivyo kuachana kuripotiwa. Marekani peke yake kranki zilizohusika zilikuwa takriban 680,000. Mkono wa aina hiyo ukianza kuachana unaweza kulia chini ya mguu kabla ya kukatika, na mtu anayeukandika grisi na kushukuru kwa ukimya amejinunulia ajali. Mwaka 2006, katika mbio za Paris–Roubaix, Mmarekani George Hincapie alikatikiwa na paipu ya uma inayoshika usukani akiwa kwenye kasi ya mashindano, baada ya kuanguka mapema siku hiyo. Alianguka vibaya na kuumia bega. Funzo ni kwamba baada ya kuanguka, au mlio mpya unapotokea karibu na uma, usukani au mkono wa kranki, kazi ya kwanza ni kutafuta ufa kwenye mwanga mzuri, rangi iliyopasuka na uzi wa kaboni uliochomoza. Grisi inangoja.

Pingamizi la tatu ni zito kuliko yote, nalo linasema kosa ni la watengenezaji. Wengi wao waliacha vikombe vya beringi za kranki vinavyokazwa kwa uzi wa skrubu na kuanza kubana beringi moja kwa moja ndani ya fremu, mfumo unaohitaji tundu lililochongwa kwa usahihi wa sehemu ndogo sana ya milimita. Tundu likiwa pana kidogo au si duara kamili, beringi hucheza na kulia. Lawama hii ina msingi, na ushahidi wake ni mwenendo wa watengenezaji wenyewe: mwaka 2015 Chris King na Argonaut wa Marekani walileta kipimo kipya cha T47 kinachorudisha uzi kwenye matundu makubwa, na mwaka 2020 Specialized iliitoa Tarmac SL7, baiskeli yake ya mashindano, ikiwa na vikombe vya uzi. Hata hivyo, hoja hii inaongeza uzito wa jaribio badala ya kuupunguza. Anayejua kwamba tundu ndilo lenye kosa hataendelea kununua beringi, kwa maana beringi mpya ndani ya tundu lilelile itarudisha mlio uleule. Atatafuta dawa ya tundu, au vikombe vinavyofungana vyenyewe kwa uzi ndani ya fremu. Na wapo wenye baiskeli za namna hiyo ambao mlio wao, baada ya kupimwa, ulikuwa wa kibati cha kiatu.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa ziada. Septemba 2025 Kigali ilikuwa mwenyeji wa Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani, mara ya kwanza kufanyika barani Afrika, na baiskeli za mbio zinaonekana zaidi katika barabara zetu. Nyingi ni za mitumba, zimetoka nchi mbalimbali, na hata kipimo cha vikombe vya kranki hakifanani: fremu ya kipimo cha Kiingereza ina upana wa milimita 68 na kikombe chake cha kulia hufunguka kinyume na kawaida, ilhali ya Kiitaliano ina milimita 70 na hufunguka kawaida pande zote mbili. Anayefungua bila kujua tofauti hiyo hukata nyuzi za fremu ambayo haikuwa na ubovu wowote. Vipuri vyenyewe mara nyingi huagizwa mbali na kungojwa, kisha vikifika visilingane. Mahali ambapo kipuri ni ghali na adimu, kukisia ni anasa. Jaribio, ambalo linahitaji uzi, ukucha, kilima kifupi na rafiki wa kuazima gurudumu, ndilo linalofaa mfuko wetu.

Basi, msomaji, siku fundi atakapokuambia kwamba kipuri fulani kimekwisha, muulize kwa adabu: jaribio gani limeonyesha kwamba ni hicho? Fundi mzuri atafurahi kukuonyesha, naye mlipe vizuri, maana maarifa yake yana thamani kuliko beringi. Akikosa jibu, funga pochi yako, panda baiskeli, na uanze kuhesabu.